Marais Bila Wanachama

Mwaka ule mjukuu wa marehemu dada yangu alipoomba kuingia Chuo cha Whitcomb, shule ya sekondari ya mji wetu wa Ruska ilikuwa na marais wengi kuliko Umoja wa Mataifa. Sitanii. Kulikuwa na rais wa Klabu ya Roketi, rais wa Klabu ya Nyuki, rais wa Marafiki wa Ziwa, na marais watatu wa klabu tatu za kulisha wenye njaa, ambao hata mmoja wao hakuwahi kumpa mwenye njaa kiazi.

Walichokosa ni wanachama.

Ugonjwa huo uliletwa na bwana mmoja kutoka Minneapolis, mwenye viatu visivyojua theluji. Wazazi wenye uwezo walimwita aje awafundishe watoto namna ya kupata nafasi vyuoni. Akasimama katikati ya ukumbi wa michezo akasema alama nzuri hazitoshi tena, kila mtu anazo. Vyuo vinataka kuona unafanya nini nje ya darasa, na vinataka kuona unaongoza. "Anzisheni kitu," akasema. "Chochote. Muwe viongozi."

Nilikuwepo, nyuma kabisa, kwa sababu mimi huhudhuria kila mkutano wa mji huu, nimealikwa sijaalikwa. Nikanyoosha mkono.

"Wote wakiongoza, nani ataongozwa?"

Watu wakacheka. Wananijua: Lempi Kangas, niliyeendesha malori ya mgodi wa chuma mpaka mgongo ukagoma, niliyejisomea sheria za kazi kwenye maktaba ya chama cha wafanyakazi baada ya zamu, kamusi pembeni, vidole vyeusi. Yule bwana akatabasamu. "Swali zuri sana, mama," akasema, akaendelea na mengine. Nina kumbukumbu ya kila mtu aliyewahi kuniambia swali langu ni zuri kisha asinijibu. Ni wengi, na baadhi yao walikuja kuwa magavana.

Kufika majira ya kupukutika majani, kila mtoto wa darasa la mwisho alikuwa ameanzisha kitu. Isipokuwa Sanni.

Sanni Prebich ndiye mjukuu ninayemsema. Bibi yake mzaa mama alikuwa dada yangu, na tangu alipofariki bibi ni mimi. Mama yake hufua mashuka ya hospitali mpaka jioni, kwa hiyo Sanni hubaki shuleni baada ya masomo akimsubiri aje kumchukua. Na mtoto anayebaki shuleni hukamatwa ukumbini. "Sanni, njoo basi, dakika tano tu, tuko wachache." Anakwenda. Anafungua viti, anapanga duara, anasikiliza, anakunja viti. Kwa njia hiyo alikuwa amejikuta mwanachama wa klabu tisa, na katika hizo tisa hakuwa rais, wala makamu, wala mtunza hazina wa hazina isiyokuwepo.

Nalo jambo alilolitaka duniani lilikuwa moja. Chuo cha Whitcomb kiko ukingoni mwa Ziwa Superior, na kina meli ndogo ambayo wanafunzi huitumia kuchota matope ya chini kabisa ya ziwa. Sanni alipelekwa huko na shule akiwa mdogo. Wakampa tope mkononi, baridi kama barafu, wakamwambia: hili lilitua chini kabla hajazaliwa mtu yeyote unayeweza kumtaja. Alirudi nyumbani hataki kunawa. Tangu siku hiyo ukimuuliza atakuwa nani, anakujibu Whitcomb, kana kwamba ni cheo. Ni chuo kinachochukua wachache mno, lakini ukichukuliwa na wazazi wako hawana kitu, kinakusomesha. Vingine vyote vinakuchukua kisha vinamkamua mama yako.

Basi, Jumamosi moja ya Oktoba tulikuwa sauna, kile chumba cha mvuke uani kwangu, mimi naye, kama Jumamosi zote. Nikaona hamwagi maji kwenye mawe. Amekaa tu benchi la chini kama mgeni.

"Una nini?"

"Bi Engstrom kaniita jana asubuhi shuleni. Eti nina tatizo." Bi Engstrom ndiye mshauri wa wanafunzi, anayewaandikia barua za kuwapendekeza vyuoni.

"Tatizo gani?"

"Sina uongozi."

"Huna uongozi? Kama vile mtu hana damu?"

"Kaangalia fomu yangu, bibi. Pale pa shughuli za nje ya darasa nimeandika klabu zangu, na kila moja mbele yake nimeandika 'mwanachama'. Kaniambia, 'Sanni mpenzi, hii inaonekana kama mtu aliyekuwa anapita njiani.'"

Nilimwaga ndoo nzima kwenye mawe. Mvuke ulipanda kama mgodi umelipuka, tukakimbilia nje na taulo, tukasimama kwenye theluji ya kwanza tukikohoa.

"Bibi, unataka kutuua?"

"Siyo sisi. Wao."

Jumapili sikwenda popote. Nilikaa mezani jikoni nikaandika katiba. Nimeandika katiba nyingi maishani na hii ilikuwa nzuri kuliko zote: Umoja wa Wanachama wa Klabu za Shule ya Ruska. Haki ya kutoitwa dakika tano ikawa saa mbili. Haki ya kuulizwa maoni. Na juu kabisa, kwa herufi kubwa: Rais, Sanni Prebich.

Alipokuja alasiri nikampa asome. Akasoma taratibu, anakula kipande cha mwisho cha potica, mkate mtamu wa mama yake, makombo ya lozi yanaanguka kwenye kipengele cha nne.

"Imeandikwa vizuri, bibi."

"Najua."

"Lakini siitaki."

"Huitaki vipi? Hapo una uongozi! Bi Engstrom anataka rais, tunampa rais, tena rais mwenye jeshi!"

"Nikianzisha klabu nyingine, wanachama nitawatoa wapi? Watakuwa walewale. Leena, na mapacha wa Boyle, na Otis ambaye kila mkutano analala. Nitawaambia njooni, dakika tano tu?"

"Lakini utakuwa rais!"

"Si ndiyo ugonjwa wenyewe huo, bibi."

Hapo nikakasirika kweli. Nikamwambia mimi na dada yangu hatukusimama kwenye baridi ya lango la mgodi ili mjukuu wetu ajifiche kiti cha nyuma. Akaifunga katiba yangu vizuri, akaiweka chini ya bakuli la sukari isipeperuke.

"Sijifichi," akasema. "Mimi niko pale. Wao ndio hawapo."

Akavaa koti akaenda zake. Nikabaki nakula makombo.

Sasa ikaja siku ya picha. Kila Novemba huja mpiga picha kutoka Duluth kupiga picha za klabu za kuwekwa kwenye kitabu cha shule cha mwaka. Shule ilikuwa na sheria: klabu isiyo na watu kumi kwenye picha haiingii kitabuni, na isiyoingia kitabuni Bi Engstrom haitambui kwenye barua zake. Kwa hiyo siku hiyo marais wote huwa wapole. Wiki nzima kabla wanagawa keki.

Viti vya shule vilikuwa vimechoka, wakaazima vya ukumbi wa chama chetu. Nikavileta mwenyewe kwa pikapu, kwa sharti lilelile ninalotoa kila mwaka na halitimizwi: virudi vyote, vimekunjwa. Ndiyo maana nilikuwepo. Wasije wakasema nilichochea. Nilikuwa nashusha viti.

Mpiga picha akasoma orodha yake. "Klabu ya Nyuki!"

Akatokea Corwin Dahl, mtoto wa daktari wa meno, jirani yake Sanni tangu wote wawili wakiwa na nepi. Kijana mzuri, ana haya kidogo, amevaa tai ya njano yenye mistari myeusi. Akasimama nyuma ya viti vyangu peke yake.

"Wengine wako wapi?"

"Wanakuja," akasema Corwin.

Hawakuja. Nikainua macho. Kule juu kwenye ngazi za watazamaji walikuwa wamekaa watoto kama kumi na watano, na makoti yao, wanakula mikate. Leena, mapacha wa Boyle, Otis kaegemea begi kafumba macho. Katikati yao, Sanni.

"Sanni!" Corwin akaita kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeko kanisani. "Shukeni basi!"

"Tunakula."

"Sanni, usinifanyie hivi. Mimi si rafiki yako?"

"Ndiyo maana nakuuliza wewe kwanza. Corwin, una nyuki?"

"Nyuki wanaagizwa majira ya kuchipua."

"Unaye hata mmoja?"

"Nina... kuna mzinga."

"Una mzinga?"

"Nina picha ya mzinga," akasema Corwin, na ukumbi mzima ukalipuka kwa kicheko, marais pia, kwa sababu kila mmoja alidhani zamu yake haitafika.

Bi Engstrom akaja anatembea haraka, funguo zinapigana kiunoni. "Nini hiki? Nani kapanga hili? Sanni, ni wewe?"

"Tumekaa tu, mwalimu," akasema Sanni.

"Leena?"

"Tumekaa tu."

Pacha wa kwanza: "Tumekaa tu." Pacha wa pili hivyo hivyo. Hata Otis, bila kufumbua macho: "Tumekaa tu, mwalimu."

Nikasimama na kiti mkononi nikashindwa kukiweka chini. Maneno yale nilikuwa nayajua. Katika ule mgomo mrefu wa ujana wetu, tulipokaa langoni mwa mgodi, mwanasheria wa kampuni alikuwa akipita mbele yetu kila asubuhi na kalamu, anamtafuta kiongozi ili afukuzwe. Nani kapanga hili? Na kila mmoja wetu, mstari mzima, alimjibu hivyo hivyo. Tumekaa tu. Mwanasheria yule aliitwa Thayer. Lishike hilo jina, mimi nimelishika miaka yote.

Sanni hakuinuka. Aliongea akiwa amekaa, mkate mkononi, bila kupandisha sauti, na ukumbi ukabidi unyamaze ili umsikie.

"Tutapiga picha. Sisi hatutaki kumharibia mtu. Lakini tumechoka kukimbizwa picha hii mpaka ile kama mbuzi. Klabu tatu za chakula ziwe moja, halafu iwe na chakula. Kila rais awe mwanachama wa klabu ya mwenzake, aje kweli, siyo jina tu. Na anayekuja mkutanoni akunje kiti chake mwenyewe."

"Hayo tu?" akauliza mmoja wa marais wa njaa.

"Hayo tu."

"Na rais wa hiyo klabu moja ya chakula atakuwa nani kati yetu?"

"Hilo ni lenu. Sisi tutabeba viazi."

Nimekaa kwenye mazungumzo ya mikataba yaliyokula mwezi mzima, watu wazima wanagombania neno moja. Haya yalikwisha mpiga picha, aliyetoka nje kuvuta, hajamaliza sigara yake. Wa kwanza kupanda ngazi alikuwa Corwin. Akalegeza ile tai, akakaa kando ya Otis, akapewa nusu ya mkate.

Zile klabu zikapungua mpaka zikawa za kuhesabika kwa vidole. Kabla ya Sikukuu ya Shukrani magunia ya viazi yalikuwa yameteremshwa kwenye ghala la chakula la kanisa, yakibebwa na watu watatu waliokuwa marais na sasa walikuwa wakipokezana zamu. Viti vyangu vilirudi vyote. Vimekunjwa ovyo, mmoja wa marais alibana kidole, lakini vyote.

Ningependa kusema hapo mambo yaliisha vizuri. Bi Engstrom alituita ofisini kwake, Sanni na mimi.

"Barua yangu kwenda Whitcomb nilikuwa nimefika nusu," akasema. "Niambieni, sasa niandike nini? Kwamba alisimamisha siku ya picha?"

Nikafungua mdomo. Sanni akanifinya paja chini ya meza, kwa nguvu za mtu aliyebeba viazi.

"Andika ilivyokuwa, mwalimu," akasema.

Bi Engstrom si mama mbaya. Ana barua za shule nzima za kuandika, na wazazi wenye kelele kuliko mimi. "Unajua unachoniomba?" akamwuliza. "Chuo kile kinasoma maelfu ya fomu. Wakiona neno 'mgomo' wanaweza wasigeuze ukurasa."

"Najua."

"Naweza kulinyamazia. Na fomu bado hujaituma. Unaweza kuongeza cheo, sasa hivi, hapa. Mratibu. Mratibu wa wanachama. Nani atakataa?"

Mimi ningechukua. Naapa, ningekiri hivyo mbele ya kadi yangu ya chama: ningechukua kile cheo na kalamu yake juu. Sanni alitazama kwenye dirisha, upande lilipo ziwa, ingawa kutoka Ruska ziwa huwezi kuliona.

"Nilikuwa mwanachama, mwalimu. Iache hivyo."

Njiani kwenye pikapu nilimwambia amejichimbia shimo. Akasema, "Labda." Nikamwambia vyuo ni kama makampuni, vinapenda majina. Akasema, "Labda, bibi," akawasha redio.

Bi Engstrom aliandika nini mpaka leo hatujui.

Januari ukaja ujumbe kutoka Whitcomb: mhitimu wao wa zamani anayeishi maeneo yetu angependa kuzungumza na mwombaji, halafu awapelekee maoni yake. Wakutane kwenye duka la mikate la Zupan. Chini, jina la mhitimu huyo.

Aldous Thayer.

Nilisoma mara moja, nikatoka nikaenda kupasua kuni. Nilipasua mpaka zikaisha. Sanni akanifuata uani.

"Ndiye yule, bibi?"

"Ndiye."

"Ilikuwa zamani."

"Kwangu ilikuwa juzi. Alitaka kumfukuza bibi yako akiwa na mimba ya mama yako."

"Utanipeleka?"

"Nitakupeleka."

"Na utakaa kwenye gari."

"Nitakaa kwenye gari."

Nilikaa kwenye gari kadiri binadamu anavyoweza kukaa siku ambayo mate yanaganda kabla ya kufika chini. Kisha nikaingia. Duka la Zupan lina meza ya pembeni karibu na jiko, nikachukua gazeti, nikajikunyata nalo. Thayer alikuwa amenipa mgongo. Amezeeka, kifaa cha kusikilizia sikioni, mikono inatetemeka kidogo juu ya kikombe. Nikatafuta furaha moyoni kwa kumwona hivyo, nikapata kidogo tu.

"Hapa imeandikwa 'mwanachama'," alikuwa akisema, karatasi mbele yake. "Na hapa 'mwanachama'. Na hapa. Kila mahali. Mwaka huu nimezungumza na vijana wengi, Bi Prebich, na hakuna hata mmoja ambaye hajaanzisha shirika. Wewe umeongoza nini?"

"Sijaongoza kitu," akasema Sanni.

Nikajificha zaidi nyuma ya gazeti. Sema kitu, mtoto! Sema siku ya picha!

"Hm," akasema Thayer. "Basi niambie, mwanachama hufanya nini?"

"Anakuja."

"Anakuja tu?"

"Asipokuja hakuna klabu, bwana. Kuna mtu mmoja na wazo lake. Ile Klabu ya Roketi ilikuwepo kabla ya zote, na Novemba ya mwaka juzi alikuja rais peke yake na mimi. Nilikuwa sijui chochote cha roketi. Lakini nilimwuliza itarukaje, ikabidi anieleze, na alipokuwa ananieleza akagundua mabawa ameyaweka kinyume. Wiki iliyofuata tukawa wanne. Majira ya kuchipua tukairusha."

"Ikaruka?"

"Ikaruka vizuri sana. Ilitua juu ya gereji ya padri."

Thayer akacheka, cheko la kikohozi. Akauliza padri alisemaje. Sanni akamwambia padri sasa ni mwanachama. Wakaendelea, akamweleza lile tope, namna lilivyokuwa na tabaka za rangi, na kwamba anataka kujua lililo chini ya hilo, na chini yake tena. Mikono yake ikawa inapima tabaka hewani juu ya sahani ya maandazi. Nilisahau kujificha.

"Mshauri wenu," Thayer akasema baada ya muda, "ameandika habari ya siku ya picha."

Kumbe aliandika.

"Anasema klabu karibu zote zilibadilika siku hiyo, na mpaka leo hajui nani alikuwa kiongozi. Nami nina udadisi wangu wa kizee. Nani alikuwa kiongozi?"

"Hakuna, bwana. Tulikaa tu."

Mzee yule akakiweka kikombe chini kwa mikono miwili. Alikaa hivyo, naona bega lake linapanda na kushuka, nikajua limemfikia, limetoka langoni mwa mgodi likapita theluji zote zile likamkuta hapa, mbele ya andazi.

"Jibu hilo nimewahi kulisikia," akasema. "Nililisikia mara nyingi sana, asubuhi baada ya asubuhi." Kisha, bila kugeuka, akitazama kioo cha dirisha mbele yake: "Lempi, hujageuza ukurasa tangu uingie."

"Habari ni ndefu," nikasema.

"Ni wewe uliyemfundisha huyu?"

"Ningemfundisha mimi angekuwa rais. Nilimwandikia katiba, akaikataa."

"Bibi," akasema Sanni, "ulisema utakaa kwenye gari."

"Gari lina baridi."

Thayer akageuka sasa, akanitazama kwa macho yale yale ya maji niliyoyajua langoni. "Hatukumpata," akasema. "Kiongozi wenu. Nilitafuta majira yote ya baridi."

"Hukumpata kwa sababu hakuwepo, mjinga wewe. Tulikuwa tumekaa tu."

Akatikisa kichwa, anacheka tena na kukohoa, akaagiza kahawa tatu. Yangu sikuinywa. Niliiacha pale mezani mpaka ikapoa, aione. Mtu asije akadhani kwa kuwa nasimulia kwa upole basi nimesamehe. Sijamsamehe Thayer, wala kampuni, wala yule bwana wa viatu aliyewauzia watoto wetu urais wa nyuki wasiokuwepo. Na sivisamehi vyuo vinavyomtaka mtoto wa miaka kumi na saba awe mkurugenzi kabla hajajua kuwa mtu kati ya watu. Nimeliandikia gazeti la mji barua kuhusu jambo hilo. Mhariri alikata nusu. Jina lake ninalo.

Majibu yalisemekana yatatoka Jumamosi ya mwisho ya Machi, mchana. Siku hiyo ukumbi wa chama ulikuwa na kifungua kinywa cha chapati za maji za kuchangia ghala la chakula, na nusu ya shule ilikuja. Corwin alikuwa jikoni anageuza chapati, aproni mpaka magotini. Naye alikuwa ameomba Whitcomb, katika awamu ya kwanza. Majibu yake yalitangulia, akatuambia kwa sauti kubwa kupita kiasi: wamemkataa. Anakwenda chuo cha jimbo, na mzinga ameshanunua, wa mbao, uko gerejini kwao. "Sasa nasubiri nyuki," akasema. "Otis kasema atakuja kunisaidia. Akiamka."

Watu wakala wakaondoka. Sanni akaanza kukunja viti. Mimi nilikuwa nafuta meza, jicho moja kwake. Nikaona simu inatetemeka mfukoni mwake. Akaitoa. Akasoma. Uso wake haukuniambia kitu. Nimesoma nyuso za mameneja maisha yangu yote na nikashindwa kusoma uso wa mtoto niliyembadilisha nepi. Akairudisha simu mfukoni, akachukua kiti kingine.

"Sanni!"

"Subiri, bibi."

"Nisubiri nini? Ni wao?"

"Ni wao. Imebaki safu hii tu."

"Mtoto wewe! Nina moyo wa mzee!"

"Basi njoo unisaidie, tutamaliza haraka."

Nikaacha kitambaa. Nikashika kiti, nikakikunja, kikalia ule mlio wake ninaoujua tangu ujana, nikaegemeza ukutani. Nikashika kingine. Corwin akatoka jikoni na unga mpaka nyusi, akatutazama, akaja akashika cha tatu. Tulikwenda hivyo mpaka sakafu ikabaki tupu na jua la Machi limelala juu yake lote.

Sanni akaegemeza kiti cha mwisho. Akanyoosha mgongo.

"Nimepata," akasema. "Wameniandikia niwe na koti zito. Kwenye meli kuna baridi."

Nikampa langu, la mgodini, lile lenye jina la chama mgongoni. Lilimfika magotini. Hakulivua siku nzima, hata tulipokwenda sauna ilibidi nimlazimishe.